VVU vinapiga utumbo kwanza, CD4 ya kwenye damu inachelewa kusema (uzi kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini na wengine)

#1 Hadubini_Uyole (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Nyuzi nyingi za VVU humu zinazunguka maswali mawili: CD4 (seli za kinga ambazo VVU huzishambulia) ngapi, na virusi vinasomeka au havisomeki. Yote mawili hujibiwa kwa damu. Shida ni kwamba damu imebeba takriban 2% tu ya limfosaiti za mwili (kundi la seli za kinga ambamo CD4 zimo). Zilizobaki zimekaa kwenye tezi za limfu, bandama, uboho wa mifupa na, kwa wingi sana, kwenye utando wa utumbo. Kuhesabu CD4 za kwenye damu ni sawa na kukadiria wakazi wa Mbeya kwa kuhesabu abiria waliopo stendi ya Nanenane alfajiri. Namba utaipata, na ina maana yake, ila watu wenyewe wapo majumbani.

Mada hii kwetu si ya mbali. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni 4.4% kwa nchi nzima, lakini Njombe 12.7%, Iringa 11.1% na Mbeya 9.6%.

Sasa jambo lenyewe. Kirusi hakiingii kwenye seli yoyote kinayokutana nayo. Kinataka seli yenye kipokezi cha CD4, na pembeni yake kipokezi cha pili, ambacho mwanzoni mwa maambukizi karibu kila mara ni CCR5. Kwenye damu, CD4 nyingi ni changa, hazijawahi kukutana na adui, na hazina CCR5 au zina chache. Kwenye utumbo ni kinyume chake: pale kila siku panapita chakula, uchafu na matrilioni ya bakteria, kwa hiyo CD4 zake ni zile zilizokwisha pigana, zipo macho, na zimejaa CCR5. Ndiyo maana haijalishi mtu ameambukizwa kwa ngono, sindano au kutoka kwa mama. Ndani ya wiki chache virusi vinakutwa utumboni vikizaliana kwa kasi.

Mwaka 1998 watafiti wa nyani aina ya makaki walionyesha kwamba SIV (kirusi cha nyani, ndugu wa VVU) inafyeka CD4 za utumbo ndani ya wiki 3, wakati damu bado inaonekana na nafuu. Kwa binadamu, vipande vya utumbo vilivyochukuliwa kwa kamera na kutangazwa 2003 na 2004 vilionyesha picha ileile.

Kinachofuata ndicho kinacholeta ugonjwa wa muda mrefu. Kati ya CD4 zinazokufa, zinazoumiza zaidi kuzipoteza ni kundi linaloitwa Th17. Hizi hutoa kemikali mbili, IL-17 na IL-22, zinazoziamuru seli za utando wa utumbo zijirekebishe, zitoe ute, na zitoe protini za kuua bakteria. Utando huo una unene wa seli moja tu na hujifanya upya kila siku 3 hadi 5. Ukikosa amri za Th17, viungio kati ya seli na seli vinalegea. Vipande vya kuta za bakteria, hasa LPS, vinapenya na kuingia kwenye damu ya kwenda ini. Ini likizidiwa, vinasambaa mwili mzima. Jambo hili lilithibitishwa kwa watu wenye VVU katika utafiti uliochapishwa 2006.

LPS ikifika kwenye damu, kinga inadhani kuna uvamizi wa bakteria na inapiga king'ora kisichozimika. CD4 zinazoamshwa na king'ora hicho ndizo hasa VVU vinazipenda. Kwa hiyo mduara unajizungusha: virusi vinatoboa utumbo, utumbo unavuja, uvujaji unaamsha seli, seli zilizoamka zinalisha virusi.

Maswali karibuni. Wataalamu wa lishe, famasi na kliniki mnisaidie kwenye maeneo yenu.

#2 Mbalizi_Road

Ndaga fijo mkuu. Swali la haraka: hizi wiki chache zinahesabiwaje? Mtu akipata leo, lini virusi vinafika kileleni?

#3 Hadubini_Uyole

Mkuu, jibu zuri la swali hilo limetoka kwa sehemu hapa hapa Mbeya. Kulikuwa na utafiti wa kuwafuatilia watu walio kwenye hatari kubwa, wakipimwa damu mara mbili kwa wiki ili maambukizi yanaswe yakiwa ya siku chache. Ulifanyika Thailand, Kenya, Uganda na Tanzania, na kituo cha Tanzania kilikuwa Mbeya. Matokeo yalichapishwa 2016.

Kuanzia siku kipimo cha vinasaba kinapoona virusi kwa mara ya kwanza, kilele kilifikiwa siku ya 13, kwa wastani wa nakala milioni 5 hivi kwa kila mililita ya damu. Ikifika siku ya 31 vimeshuka hadi karibu nakala 20,000 na kutulia hapo. Kabla ya siku hiyo ya kwanza ongeza siku 10 hivi ambazo kirusi kimo mwilini lakini hakionekani kwenye damu.

Sasa ziunganishe tarehe hizo na za utumbo. Mtu anapopata homa, mitoki na vipele vya mwanzo, kama anavipata (wengi huona ni malaria au hawaoni chochote), kazi ya kufyeka utumbo inakuwa imeshika kasi. Na kipimo cha haraka cha kingamwili wakati huo kinaweza kusoma hasi.

#4 Mlima_Nyoka_Express

Hapa ndipo sielewi. Kama askari wa utumbo wameisha ndani ya mwezi, kwa nini mtu asiyetumia dawa anaishi miaka 8 au 10 kabla ya UKIMWI? Hesabu haikai.

#5 Hadubini_Uyole

Swali zuri, na ndilo lililowasumbua watafiti wenyewe.

Kwanza, CD4 changa hazina CCR5 ya kutosha, kwa hiyo hazifi kwa wimbi lile la kwanza, na ndizo zinazobaki kama mbegu ya kuzalisha nyingine. Uboho na tezi ya thaimasi vinaendelea kuleta mpya. Mwili unajaza, virusi vinapunguza, na kila mwaka kujaza kunazidiwa kidogo.

Pili, kinachoua si idadi tu. Seli nyingi za CD4 zinazokufa kwenye tezi na utumbo hazijazalisha kirusi hata kimoja. Kirusi kinaingia, kinaanza kunakili vinasaba vyake, kinakwama. Seli inagundua vipande vya DNA ya kigeni, inajilipua, na mlipuko wake unamwaga kemikali zinazoita seli nyingine pale pale, nazo zinakumbwa na yaleyale. Hili lilielezwa kwa kina mwaka 2014.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa tumbili. Ndiyo, hawa hawa wanaoiba mahindi Usangu na kandokando ya Ruaha. Jamii ya tumbili wa Afrika wana SIV yao ya tangu enzi, wengi wa wakubwa wanayo, virusi vingi kwenye damu, na hawaugui UKIMWI. Mangabe wa rangi ya moshi wa Afrika Magharibi wako hivyohivyo (si kipunji wa Mlima Rungwe, ambaye 2005 aliwekwa kundi la mangabe kabla ya kupewa jenasi yake mwenyewe). Wanyama hawa nao hupoteza CD4 za utumbo mwanzoni. Tofauti ni kwamba mangabe hubaki na Th17 zao, utando hauvuji, na kinga inatulia baada ya wiki chache. Watafiti walipowadunga tumbili wenye SIV ile LPS ya bakteria, kinga iliamka na virusi vikapanda. Yaani ukiutengeneza uvujaji kwa mkono, mnyama aliyekuwa salama anaanza kuelekea kule kule tunakoelekea sisi.

Kabla hajatokea mtu wa kusema "kumbe UKIMWI umetoka kwa tumbili": hapana. VVU aina ya kwanza, vilivyotapakaa duniani, vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun. Aina ya pili ndiyo iliyotoka kwa mangabe.

#6 Kamwene_Mufindi

Kamwene wakuu. Nahudumu upande wa kliniki, nitagusa dawa kidogo halafu kuharisha, maana huko ndiko kwenye makosa mengi.

Dawa zinazuia virusi, CD4 za damu zinapanda, lakini za utumbo zinapanda polepole na mara nyingi hazirudi kiwango cha mwanzo. Sababu mojawapo ni makovu. Kinga ikiwaka miaka mingi, nyuzi za kolajeni zinajijenga ndani ya tezi za limfu na vile vituo vidogo vya kinga vya utumbo, na seli mpya zinakosa mahali pa kukaa. Kovu halifutwi na ARV. Anayeanza mapema anakuwa na kovu dogo. Jaribio kubwa la START, lililotoa matokeo 2015, lilianzishia dawa watu wenye CD4 zaidi ya 500 na kuwalinganisha na waliosubiri: matukio mazito yalipungua kwa 57%. Na kwa wanaopenda "kupumzisha mwili" kwa kuacha dawa, jaribio la SMART la 2006 lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliokuwa wakikatisha na kurudia walikufa na kuugua zaidi, na si kwa magonjwa nyemelezi tu. Moyo, figo na ini pia. Hilo la moyo lilishangaza wengi wakati ule. Mkishajua habari ya LPS na king'ora halishangazi.

Sasa kuharisha. Mtu mwenye VVU akiharisha zaidi ya siku 14, usimwongezee metronidazoli ya tatu. Uliza CD4 ya karibuni, maana ndiyo inayokuambia umtafute nani:

Zaidi ya 200: fikiria yaleyale ya mtu yeyote, giardia, amiba, salmonela, minyoo, au dawa yenyewe (lopinaviri, ARV ya mstari wa pili, inajulikana kwa kulainisha choo).

Chini ya 200, na hasa chini ya 100: vimelea vidogo vya utumbo, yaani kriptosporidiamu, isospora, maikrosporidia. Choo cha maji mengi, bila damu, uzito unayeyuka. TB ya tumbo usiisahau; kipimo cha TB cha mkojo kinafanya kazi vizuri zaidi kwenye kundi hili.

Chini ya 50: ongeza sitomegalovairasi (maumivu, damu kwenye choo, homa) na bakteria wa jamii ya TB wanaoitwa MAC.

Kuharisha zaidi ya mwezi bila sababu kujulikana kunamweka mtu hatua ya 3 ya WHO. Kukiambatana na kupungua zaidi ya 10% ya uzito ni hatua ya 4, na anahitaji mfululizo wa vipimo vya ugonjwa uliokomaa: TB, kriptokoka (fangasi) kwenye damu, na kadhalika. Kumwambia "ongeza matunda" na kumpa tarehe ya miezi mitatu ni kumtelekeza.

Kosa lingine: homa kali bila kuharisha, kipimo cha Widal kinasoma "taifodi", mtu anapewa siprofloksasini siku 5 na kurudi nyumbani. Kwa mwenye CD4 ndogo, salmonela zisizo za taifodi zinavuka utumbo moja kwa moja hadi kwenye damu, kwa sababu Th17 zilizopaswa kuzizuia mlangoni hazipo. Widal haitofautishi hilo. Kinachotakiwa ni kuotesha damu maabara ili bakteria mwenyewe aonekane, na matibabu marefu kuliko siku 5.

#7 Hadubini_Uyole

Naongezea upande wa maabara. Fomu ikiandikwa "choo" tu, kinachofanyika ni tone la choo kwenye kioo. Kinaonyesha minyoo, giardia na amiba. Kriptosporidiamu wataonekana kama chachu au hawataonekana kabisa. Daktari aandike wazi: rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa. Hapo kriptosporidiamu wanatoka duara, wekundu, mikromita 4 hadi 6. Isospora ni wakubwa, umbo la yai, mikromita 20 hadi 30. Chachu inabaki na rangi ya pili, kijani au bluu. Maikrosporidia wana mikromita 1 hadi 2 na wanahitaji rangi nyingine tena.

Vimelea hivi hutoka kwa vipindi. Sampuli moja hasi haitoshi. Peleka tatu kwa siku tofauti. Kama anatafutwa amiba anayetembea, choo cha maji kifike mezani ndani ya nusu saa. Kilichokaa kwenye mkoba tangu Chimala hadi Mbeya mjini kinafaa kwa mayai ya minyoo tu.

#8 Mbalizi_Road

Tiba za hao watatu zipoje?

#9 Kamwene_Mufindi

Isospora ndiye mwepesi: septrini 960 mg mara nne kwa siku kwa siku 10, kisha dozi ya kinga ya 960 mg mara moja kwa siku, la sivyo anarudi. Hii ni sababu moja kubwa ya kutodharau septrini ya kila siku kwa wenye CD4 chini ya 350 au hatua ya 3 na 4. Wengi wanajua inazuia nimonia, ila hawajui kwamba inalinda na tumbo.

Kriptosporidiamu hana dawa ya kutegemewa kwa mtu ambaye kinga imeshuka. Nitazoksanidi inasaidia wenye kinga nzuri. Kwa CD4 ya 30 matokeo yake ni hafifu. Kinachomtoa ni ARV zenyewe: CD4 ikipanda kupita 100, choo kinafunga. Mpaka hapo kazi ni maji, chumvi na chakula. Maikrosporidia ni hivyohivyo kwa aina iliyo ya kawaida zaidi. Albendazoli inawashika baadhi tu.

Maji: ORS pakiti moja kwa lita 1, si kwa chupa ya soda. Huna pakiti, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita 1 ya maji safi. Ukizidisha chumvi ni hatari, ukizidisha sukari kuharisha kunaongezeka. Mtu mzima anywe kikombe kimoja hadi viwili kila baada ya choo, na aendelee kula. Loperamidi inaruhusiwa kama hakuna homa wala damu: 4 mg mwanzoni, kisha 2 mg kila baada ya choo, isizidi 16 mg kwa siku. Kukiwa na damu usiiguse.

Anayetumia tenofoviri (imo ndani ya TLD, kidonge cha ARV cha kila siku) akiishiwa maji, figo zinapata mzigo mara mbili. Pima kreatinini. Na diklofenaki za kutuliza msokoto wa tumbo ziache kabisa kipindi hicho.

#10 Ndama_wa_Rungwe

Mimi nipo upande wa mifugo, hapo kwenye kriptosporidiamu nina la kusema. Ndama wa wiki 1 hadi 4 anayeharisha maji ya njano ni kiwanda cha vimelea hivi. Aina yake inaambukiza watu moja kwa moja. Rungwe, Njombe na Mufindi nyumba nyingi zina ng'ombe wa maziwa na banda lipo hatua chache kutoka jikoni. Mwenye CD4 chini ya 200 asipewe kazi ya kunywesha ndama wala kusafisha banda la ndama. Ikilazimu, buti na glavu, kisha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vitakasa mikono vya spiriti havimuui.

Klorini nayo haimuui kwa kiwango cha maji ya kunywa. Hili wengi hawalijui: ukitia kidonge cha klorini, kipindupindu na taifodi umezizuia, kriptosporidiamu yupo pale pale anakusubiri. Dawa yake ni kuchemsha.

#11 Mlima_Nyoka_Express

Kuchemsha dakika ngapi? Huku kwetu maji yanachemka kabla ya joto kamili.

#12 Ndama_wa_Rungwe

Kweli, kwenye mita 1,700 za Mbeya mjini maji yanachemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Bado inatosha kabisa. Utaratibu ni yatokote kwa nguvu dakika 1, na kwa maeneo yaliyozidi mita 2,000 dakika 3. Kwa hiyo Kitulo na sehemu za juu za Makete hesabu 3. Njombe mjini ipo pale pale kwenye mpaka, hesabu 3 pia. Mkaa wa dakika mbili za ziada hauna hasara. Yakishapoa yabaki kwenye chombo kilekile chenye mfuniko, uyamimine, usichote kwa kikombe.

#13 Nanenane_Girl

Na maziwa ya mtindi? Kuna watu kwenye vikundi wanasema mtindi unaziba utumbo unaovuja. Vilevile ulanzi, wazee wa Iringa wanasema unasafisha tumbo.

#14 Mti_wa_Parachichi

Dada, nijibu kama mtu wa lishe.

Mtindi ni chakula kizuri, ila usiuite tiba ya kuziba utumbo. Bakteria wa maziwa wamejaribiwa kwa watu wenye VVU katika majaribio kadhaa madogo, na mabadiliko kwenye alama za uvujaji yamekuwa madogo na yasiyofanana. Hata dawa za kuua bakteria wa utumboni na za kunasa LPS zilijaribiwa, nazo hazikuridhisha. Kinachopunguza uvujaji kwa uhakika ni ARV.

Faida ya wazi ya mtindi ipo kwingine. Vidole vidogo vya utando wa utumbo vikifupishwa na ugonjwa, kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa kinapungua, na maziwa mabichi au ya moto yanaleta gesi na kuharisha. Mtindi sukari hiyo imeshaliwa kwa sehemu, kwa hiyo unavumilika zaidi. Sharti ni moja: maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe. Mtindi wa maziwa yasiyochemshwa una hatari ya brusela, salmonela na TB ya ng'ombe. Uchachu hauziui zote.

Ulanzi: pombe yoyote inalegeza vile viungio kati ya seli na seli alivyoeleza mleta uzi, kwa hiyo inasukuma upande mbaya. Ulanzi mtamu wa asubuhi una pombe kidogo, wa siku ya pili una nyingi, na mara nyingi umezimuliwa kwa maji ambayo hujui yalikotoka. Na anayemeza isoniazidi ya kuzuia TB, pombe juu yake ni kulijaribu ini.

Parachichi kwa mgonjwa anayeharisha mafuta (choo kinaelea, kinang'aa, kinanuka sana) lipungue kwa muda, hata kama tunalilima wenyewe. Mafuta hayafyonzwi vizuri wakati huo. Ampe uji wa lishe, viazi mviringo, ndizi, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, mayai yaliyoiva, mara 5 au 6 kwa siku kidogo kidogo. Akipata nafuu parachichi lirudi, maana kalori zake ni nyingi.

Vitamini nazo zina historia hapa nchini. Jaribio la Dar es Salaam lililochapishwa 2004, kabla ARV hazijaenea, lilionyesha vitamini za B, C na E zinachelewesha ugonjwa kwa akina mama wenye VVU. Watu wakaishika hiyo na kununua makopo. Jaribio la baadaye, hapo hapo Dar es Salaam, kwa watu walio kwenye ARV, dozi kubwa haikuleta faida kuliko ya kawaida na vipimo vya ini vilipanda kwa baadhi. Nyakati zimebadilika, dozi ya kawaida inatosha.

#15 Mfamasia_Makambako

Niingie kwenye vitamini na dawa za tumbo, maana huku dukani ndiko kosa linakofanyika bila mtu kujua.

Dolutegraviri ndani ya TLD inanaswa na madini: magnesiamu, aluminiamu, kalsiamu, chuma, zinki. Zikikutana tumboni zinashikana na dawa haifyonzwi. Dawa za kutafuna za kiungulia zina magnesiamu na aluminiamu. TLD imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu na kalsiamu vinaweza kumezwa pamoja na TLD iwapo tu ni pamoja na chakula. Tumbo likiwa tupu, tumia kanuni ileile ya 2 na 6. Wajawazito hili liwahusu sana.

Metformini (dawa ya kisukari) isizidi 1,000 mg kwa siku ukiwa na dolutegraviri. Aliye kwenye rifampisini (dawa ya TB) anahitaji dolutegraviri 50 mg ya pili, saa 12 baada ya TLD, na iendelee wiki 2 baada ya rifampisini kuisha. Rifampisini yenyewe imeonekana kuwa na viwango vya chini kwenye damu kwa wenye VVU wanaoharisha, kwa hiyo TB isiyopata nafuu kwa mtu wa namna hiyo si lazima iwe sugu. Mlio kwenye atazanaviri (ARV nyingine): meza na chakula, na omeprazoli msiichanganye, inahitaji asidi ili ifyonzwe.

Kuna nyingine ya huku kwetu. Watu wanapewa dawa ya minyoo kwa kubahatisha kila tumbo linapochafuka. Albendazoli 400 mg kwa utaratibu wa kawaida sawa. Ila Mbozi, Mbeya na maeneo yetu mengi yana tegu wa nguruwe, na mayai ya tegu huyo yakimezwa yanaweza kujenga vifuko kwenye ubongo. Mtu mwenye historia ya kifafa kilichoanza ukubwani au kichwa kisichoeleweka asipewe prazikwanteli (dawa ya tegu na kichocho) kiholela; vifuko vikifa kwa pamoja ubongo unavimba na degedege linafuata. Picha ya kichwa kwanza. Na kitimoto iive hadi ndani isibaki pinki.

#16 Mlima_Nyoka_Express

Vipi zile dawa za kusafisha utumbo zinazouzwa kwenye makopo, "toa sumu siku 7"?

#17 Mfamasia_Makambako

Nyingi ni majani ya senna au kitu kingine cha kuharisha. Kinachotoka ni maji na potasiamu, pamoja na kidonge chako cha asubuhi kama hakijafyonzwa. LPS haitolewi kwa kuharisha. Upotezaji wa fedha.

#18 Nanenane_Girl

Shukrani wote. La mwisho: mtu yupo kwenye TLD miaka mitatu, virusi havisomeki, lakini CD4 imegoma kwenye 180. Abadilishiwe dawa?

#19 Kamwene_Mufindi

Hapana, kama virusi kweli havisomeki. TLD imefanya kazi yake. Kubadilisha au kuongeza dawa ya nne kumejaribiwa na hakuinui CD4. Kwa watu hawa tatizo mara nyingi ni yale makovu na king'ora kilichobaki, na wengi ni walioanza dawa CD4 ikiwa chini sana.

Cha kufanya: kwanza rudia CD4, maana inapanda na kushuka kwa maambukizi madogo na hata saa ya kuchukua damu. Tafuta kinachokandamiza: TB iliyojificha, homa ya ini B na C, dawa nyingine anazotumia, steroidi, pombe. Septrini aendelee nayo, asiisimamishe kwa sababu tu virusi havisomeki. Achunguzwe TB kila anapofika kliniki, na kama hajapata dawa ya kuizuia apewe. Shinikizo la damu, sukari na sigara vishughulikiwe kwa ukali kuliko kwa mtu mwingine, maana mchochota unamchosha moyo. Mwaka 2023 jaribio la REPRIEVE lilionyesha statini (dawa ya kushusha kolesteroli) inapunguza matukio ya moyo kwa 35% kwa wenye VVU wa miaka 40 hadi 75, hata wasio na kolesteroli ya juu sana. Kama ana umri huo, aulize kliniki.

Na aendelee kuchemsha maji.

#20 Mbalizi_Road

Mods, wekeni uzi huu juu. Mleta uzi, ile fomu ya choo nimeinakili: "Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa, sampuli tatu".